Kisigino cha Kubadhi

Kasembe anazeeka vibaya. Nilimkuta kwenye arobaini ya Bi Zuhura, pale Gongoni mjini Tabora, amekaa mkekani katikati ya wajukuu wa watu, anawasimulia jinsi alivyoitengeneza pikipiki yangu porini, kwenye barabara ya Urambo, mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Hana meno ya mbele, lakini uongo wake una meno yote. Alikuwa anasema yeye ndiye aliyeujua ugonjwa, yeye ndiye aliyetoa dawa, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nalia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya pilau mkononi, nayasikia yote. Vijana wakanitazama, wakaanza kucheka, naye akageuka. "Shika adabu, Kasembe," nikamwambia. "Aliyelia siku ile tunamjua." Akacheka mpaka akakohoa, akasogea anipe nafasi kwenye mkeka. Tumegombana namna hiyo ujana wetu wote na uzee wetu wote, na siku ugomvi huo utakapokwisha mmoja wetu atakuwa kaburini. Lakini safari hii nilirudi nyumbani nikaona heri niandike. Shahidi wa tatu tumekwisha kumzika, na Kasembe akiachiwa hadithi hii peke yake, mwaka wangu utageuka kuwa wake.

Kabla sijaondoka pale msibani, Mwamvua, binti yake Bi Zuhura, alinishika mkono akaniingiza katika chumba kile kile nilichopanga nikiwa msichana. Dirisha ni lile lile, linatazama uani. Alivuta sanduku kutoka mvunguni, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Kilikuwa kubadhi moja la mguu wa kushoto. Ngozi imekuwa nyeusi kwa umri, nakshi za mikanda bado zinaonekana, na kwenye kisigino pana tundu la duara lililokatwa safi, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa. "Alisema hili lije kwako, shangazi," Mwamvua akaniambia. "Lile la kulia amezuia, kasema nibaki nalo mimi." Makaburini sikulia, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa ameishi akashiba siku. Hapo kitandani, na lile kubadhi mapajani, nililia.

Mwaka ule nilikuwa bibi shamba wa tumbaku, na katika ofisi yetu nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa pikipiki. Nasema kupewa, lakini ukweli ni kwamba hakuna mwanaume aliyeitaka. Ilikuwa pikipiki kuukuu ya Kiingereza, iliyoachwa na mtaalamu mmoja aliporudi kwao, na ilikuwa inakohoa kila asubuhi kama bibi kizee anayetaka watu wajue ameamka. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilivaa suruali ya kaki ya ofisi, nikafunga kanga juu yake ili wazee wasinisome vibaya, nikajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, nikaanguka nikainuka. Wiki chache baadaye nilikuwa napita vijiji ambavyo wenzangu walivisikia kwa jina tu. Leo wasichana wanaendesha malori na hakuna anayegeuka kuwatazama. Siku zile nikipita sokoni hata wauza samaki wakavu waliacha kupunga nzi.

Ugonjwa wa pikipiki ile ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kwenye mfuniko wa tangi. Ndani ya mfuniko kulikuwa na mpira wa kuzuia petroli isitoke, na mpira ule ulikuwa umekwisha kazi. Ulikauka, ukapasukapasuka, ukabaki vipande viwili vinavyoshikana kwa mazoea tu. Kila shimo la barabara, na barabara zetu zilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi, lilitema petroli mapajani mwangu. Suruali ililowa, ngozi ikawasha, na safari iliyotakiwa kunifikisha mbali na kunirudisha iliniacha njiani na tangi tupu. Petroli yenyewe ilikuwa ya mgao, hupewi mara mbili. Nilinuka petroli kanisani. Nilinuka petroli nikila. Bi Zuhura alikuwa anakaanga vitumbua uani kila alfajiri, na siku ya kwanza nilipoingiza pikipiki pale alisimama na upawa mkononi kama askari wa zamu. "Mwanangu Felista," akasema, "mimi nacheza na moto hapa. Siku utakayopitisha hicho kitu karibu na jiko langu tutazikwa kaburi moja, na wewe Mkristo, sijui watatulaza tukielekea wapi." Tangu hapo pikipiki ililala nje, ukutani, na mimi nililazimishwa kuvua suruali kwenye kibanda cha kuogea kabla sijakanyaga uani.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mkali. Chumba changu alikifukiza udi kila Alhamisi jioni, nami sikumwomba. Alinisubiri kula. Mlenda wake wa karanga sijauona tena popote, na nikiwa safarini alinifungia matobolwa kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo mtu anatafuna njia nzima hadi taya zinachoka. Alikuwa mjane, mcheshi, na alikuwa na maneno kwa kila jambo. Usiku nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia Mwamvua, aliyekuwa bado mtoto wa kubebwa, habari za siku nzima kana kwamba anaongea na mtu mzima, na habari nyingi zilikuwa zangu.

Siku iliyogeuza mwaka ule nilikuwa nje ya dirisha la ofisi, nimeinama nafuta matope kwenye viatu. Ndani alikuwa mkubwa wetu, Bwana Mponda, pamoja na Kasembe, bwana shamba mwenzangu, kijana mwenye nywele za kuchana kila saa na baiskeli iliyomchosha. Dirisha lilikuwa wazi. "Si kwamba hafai," Mponda alikuwa anasema. "Kazi anaijua. Lakini Ikongwa hafiki. Akifika, wazee wanamsimamisha uani kwa sababu ananuka petroli. Sasa bibi shamba asiyeingia kwenye bani ni bibi shamba gani?" Kasembe akajibu bila haya, "Nipe mimi hiyo pikipiki, mzee. Yeye abaki ofisini apige taipu. Vidole vyake vizuri." "Tungoje," Mponda akasema. "Tumbaku ya Ikongwa inaingia bani sasa hivi. Msimu huu wa kukausha ukipita hajaingia ndani ya bani lile, pikipiki ni yako, naye atakaa kwenye taipu." Nilisimama, nikaingia, nikasema "Shikamoo mzee" kana kwamba sikusikia kitu, akaitikia "Marahaba" kana kwamba hakusema kitu. Sikusomea tumbaku ili niandike barua za wanaume wanaokwenda kuiona.

Ikongwa kilikuwa kijiji kipya, mbele ya Urambo, ndani ya miombo. Watu wake walikusanywa mwaka ule ule, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa, na kitu cha kwanza walichojenga pamoja, kabla hata ya nyumba nyingine kuezekwa, kilikuwa bani la kukaushia tumbaku. Asiyelijua bani nimweleze. Ni nyumba ndefu ya udongo isiyo na madirisha. Juu, majani ya tumbaku yametundikwa kwenye vijiti, tabaka juu ya tabaka. Chini, mabomba ya bati yanapitisha joto la moto uliowashwa kwenye tanuri la nje. Majani yanatakiwa kuiva rangi taratibu, kisha joto linapandishwa. Ukikosea yanabaki kijani au yanaungua, na yakishakauka jani moja tu likidondoka juu ya bomba la moto, bani zima linageuka tanuri. Ndani ya bani lile la kwanza la Ikongwa kulikuwa na jasho la kijiji kizima la mwaka mzima. Mlinzi wa moto alikuwa Mzee Kalunde, na mara ya kwanza nilipofika nimelowa petroli hadi magotini alinyoosha fimbo yake. "Simama hapo hapo, binti. Hapo kwenye mhogo. Usisogee."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Basi nikafundisha kutoka shamba la mihogo, napiga kelele kama muuza samli. "Majani yana rangi gani?" Naye, kutoka mlangoni pa bani, "Ya njano!" "Njano gani?" "Kama ndizi!" "Ndizi ya kupika au ya kula?" Kisha nikamsikia akiwauliza wenzake ndani, "Ndizi gani hii?" Wakabishana. Wanawake waliokuwa wanapeta mtama walicheka mpaka wakaweka ungo chini. Mimi nami nilicheka, lakini njiani nikirudi, pikipiki ikiwa inanitemea mapajani, nilijua kwamba kwa kicheko kile taipu ilikuwa inanisogelea.

Nikaanza kutafuta dawa. Mwenye duka la vipuri alitikisa kichwa kabla sijamaliza kueleza. "Haiko, mama. Hapa haiko, Dar haiko. Labda huko ilikozaliwa." Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauweka, nikafurahi kutwa nzima. Kesho yake ulikuwa umevimba kwa petroli, umejikunja, unateleza kama mlenda, na mfuniko haufungi tena. Ndipo Bi Zuhura alipoingilia. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akaniletea bonge la nta ya nyuki limefungwa kwenye jani. Sote wawili hatukufikiri mara mbili. Kwetu kibuyu kikipasuka kinashonwa na kuzibwa kwa nta. Mzinga mpya unapakwa nta ili nyuki waupende. Mtoto wa Tabora akikuta tundu lolote, mkono wake unakwenda kwenye nta kabla akili haijafika. Mtu wa kwingine asingefanya kosa lile, maana asingekuwa na nta ya kukosea nayo. Nikaziba mfuniko vizuri, nikaulainisha kwa kidole, nikaondoka kifua mbele. Petroli iliila nta ile yote njiani, ikaipeleka kwenye kabureta, na pikipiki ikafa mbele ya watu waliokuwa wanatoka gulioni. Niliisukuma jua kali hadi mjini. Kina mama wakaniuliza kama nimeiuza au nimeinunua.

Nilipofika, Bi Zuhura alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, hakucheka. Alinipa maji, akanipa wali na maharage, akaniacha nile kimya. Baada ya kuswali alasiri alitoka chumbani kwake na jozi ya makubadhi. Nilikuwa nimeyaona siku za Idd tu. Marehemu mumewe alimletea kutoka pwani, ngozi nene ya ng'ombe, mikanda imeshonwa nyuzi nyekundu na kijani, na hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuyafuta vumbi. Akayaweka chini mbele yangu pamoja na kisu cha jikoni.

"Kata," akasema.

"Bi Zuhura, haya ni ya Idd."

"Idd itakuja na viatu vyake. Kata kisigino, ndiko ngozi ilikonona."

"Siwezi."

"Huwezi?" Akaketi kwenye kibao cha mbuzi. "Sikiliza, mwanangu. Babu zetu hapa walibeba pembe kichwani mpaka Bagamoyo kwa miguu yao, wakarudi na nguo na chumvi. Njia ile ile unayopita wewe. Ngozi ndiyo iliyowavusha, ya viatu na ya viriba. Wewe umekaa juu ya chuma, chuma kinakubeba, halafu unashindwa na mfuniko? Kasembe akae juu ya pikipiki yako anachana nywele, mimi nimtazame hapa mlangoni? Kata."

Kumbe nilikuwa nimeongea usingizini, au alikuwa amesikia kwa njia zake. Sikuwahi kumweleza habari ya Kasembe. Nikaweka mfuniko juu ya kisigino cha kubadhi la kushoto, nikauzungushia alama kwa kaa la moto lililozimika, nikakata. Yeye alilishika kubadhi kwa mikono miwili na hakuangalia pembeni. Nililoweka ile ngozi, nikaitwanga kwa mchi hadi ikalainika, kisha nikaipaka sabuni ya kufulia pande zote mbili, kwa sababu nilikuwa nimewaona madereva wa malori wakiziba matangi yao kwa sabuni, na kweli sabuni haijali petroli. Nikaiingiza ndani ya mfuniko. Ilikaa kana kwamba imezaliwa humo. Halafu, nikiwa tayari nimelewa sifa, nikaona juu ya mfuniko tundu dogo sana, dogo kama jicho la sindano. Kumbe na hapa panavuja! Nikalishindilia sabuni hadi likajaa. Tuliilaza pikipiki ubavu, tangi limejaa, tukangoja. Halikutoka hata tone. Bi Zuhura akapiga kigelegele hadi jirani akauliza nani kajifungua, na kwa mara ya kwanza pikipiki ikaruhusiwa kulala uani, mbali na jiko, lakini uani.

Bwana Mponda aliposikia nakwenda Ikongwa alimwamuru Kasembe apande nyuma yangu. "Ikifa, yeye ataileta," akasema. Kasembe alikuja na kitana mfukoni na tabasamu la mtu aliyekwisha kuonyeshwa urithi wake. Tukaondoka asubuhi kukiwa na baridi. Barabara ya Urambo inafuata karibu njia ya zamani ya misafara, na mahali pengine unaiona kabisa, mkanda wa ardhi uliokanyagwa na miguu mingi mpaka nyasi zimesahau kuota. Nilikuwa nimekauka. Kila shimo tulilopita nilitazama mapaja yangu, nayo makavu, na furaha ilinipanda hadi nikaanza kuimba. Tulikuwa tumefika mbali, pikipiki ikakohoa, ikavuta, ikafa.

Nikapiga kiki, hakuna. Nikapiga tena, hakuna. Kasembe akashuka, akanisogeza kwa upole unaoudhi. "Hii kazi inataka mguu wa kiume," akasema, akakanyaga kiki kwa nguvu zake zote. Ilimrudia. Kile chuma kilimpiga kwenye muundi, sauti tukaisikia wote wawili, akakaa chini barabarani ameushika mguu, machozi yanamtiririka. Ndiyo hayo machozi. Yalikuwa yake, na damu ilikuwa yake. Nilimfunga kwa ncha ya kanga yangu.

Nikafungua mfuniko kuona kama petroli imeisha. Tangi likavuta pumzi. Nililisikia, fyuuu, kama mtu aliyezama akiibuka juu ya maji. Petroli ilikuwa tele. Nikafunga, nikapiga kiki moja, ikawaka. Tukaenda kidogo, ikafa tena. Nikafungua, fyuuu tena, nikafunga, ikawaka, ikafa. Kasembe akasema kwa sauti ya kuugua, "Nilimwambia mzee. Felista, kubali tu. Turudi polepole, ofisini kuna kivuli." Nilikaa kwenye nyasi na nitasema ukweli, niliogopa. Niliiona taipu, nikamwona Bi Zuhura kwenye Idd hana viatu, na kubadhi lake limekatwa bure.

Juu ya mti mbele yetu kulikuwa na mzinga wa gome umetundikwa. Nimekulia kwenye mizinga, na niliutazama jinsi mtu anavyotazama kitu cha kwao akiwa taabani. Kichwa na tako umezibwa imara, hauingii mvua, hauingii nyegere. Lakini una kitundu. Fundi wa mizinga hata awe mlevi hasahau kitundu, kwa sababu kilichozibwa chote kinakufa ndani. Nikaruka. Lile tundu dogo la juu ya mfuniko halikuwa ufa. Lilikuwa pua. Tangi likitoa petroli linataka hewa iingie mahali pake, na mimi, kwa bidii yangu ya kuziba, nililiziba pua nikaliwekea na ngozi nzima chini yake. Nilichomoa pini kwenye nywele, nikachokonoa sabuni yote, kisha nikatoboa ngozi katikati, kitundu kimoja chembamba. Nikafunga. Nikapiga kiki mara moja. Pikipiki ikawaka, na safari hii haikukohoa. "Panda," nikamwambia Kasembe. "Na ushike vizuri, sitasimama tena." Sikusimama.

Tulipoingia Ikongwa, Mzee Kalunde alikuja na fimbo yake, tayari kuninyooshea kwenye mihogo. "Mwangaluka," nikamsalimu, nikasimama mbele yake hatua moja. Akaleta pua begani mwangu, akanusa. Akazunguka nyuma akanusa. Wale wanawake wa ungo waliacha kazi. "Hanuki," akatangaza kwa Kinyamwezi, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Kasembe naye asikie. "Binti hanuki kitu. Ananuka sabuni." Kijiji kikaangua kicheko, naye mwenyewe akafungua mlango wa bani akanipisha nitangulie.

Joto lilinipokea usoni. Majani juu yalikuwa ya dhahabu, nami sikuuliza ndizi gani, niliona kwa macho yangu. Nikavuta pumzi ndefu kwa furaha tu, na hapo ndipo nilipoisikia. Chini ya ile harufu tamu ya tumbaku inayokauka kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, kali kidogo, ya jani linaloungua. Waliokuwa wanaingia na kutoka walikuwa wameizoea ilivyokuwa inaongezeka polepole. Na mimi, kama ningekuja nimelowa kama siku zote, pua yangu isingesikia chochote. Nikainama, nikafuata bomba hadi kwenye kona ya nyuma. Fungu la majani lilikuwa limeponyoka kwenye kijiti na kulala juu ya bati. Ukingo wake ulikuwa mweusi tayari, unafuka moshi mwembamba. "Mzee, fimbo!" Akanipa. Nikalivuta likaanguka sakafuni, nikalikanyaga, cheche zikatoka, nikalikanyaga tena hadi likazima. Mzee Kalunde alilichukua mkononi likiwa bado la moto, akatoka nalo nje, akawaonyesha watu. Hakuna aliyecheka sasa. "Jioni tungekuwa tunachota majivu," akasema. Kisha akanigeukia, mzee wa kuweza kuwa baba wa baba yangu, akaniita "mayo", mama. Nimepata vyeo baada ya hapo. Hakuna kilichonifika moyoni kama kile.

Tuliwafungia vijiti vyote upya, tukaweka wavu wa matawi mabichi wa kudakia majani, juu mbali na mabomba, na tukaondoka na kibuyu cha asali kilichozibwa kwa nta, ambayo hapo ilikuwa mahali pake. Bwana Mponda alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi tulipoingia mjini jua likiwa bado juu. Alimtazama Kasembe akishuka kwa kuchechemea. "Vipi, ilikufa?" Kasembe alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Na hapa, kwa haki, lazima nimwandikie mema yake. Alisema, "Mzee, pikipiki ile si ya kwangu. Ina mwenyewe." Mponda akanipa mkono, na taipu ikapata mtu mwingine.

Idd ilipofika, nilimnunulia Bi Zuhura viatu vipya. Alishukuru, akavitia sandukuni, akavaa makubadhi yake. Akapita nayo mtaa mzima wa Gongoni, mguu wa kushoto na tundu lake, nami nikifuata nyuma nikiwa sijui nifiche uso wapi. Mashoga zake walimnyooshea vidole. "Bi Zuhura, kisigino kiko wapi?" Akasimama, akawatazama kwa madaha. "Kisigino changu kiko barabara ya Urambo," akasema. "Kinakwenda kazini."

Hayo yote yalinirudia pale kitandani, na Mwamvua akaniacha niyamalize. Kisha nilitoka uani na kubadhi mkononi, nikaenda hadi mkekani, nikaliweka mbele ya Kasembe. Alikuwa katikati ya sentensi. Alilichukua, akapitisha kidole kwenye tundu, akazungusha. Vijana wakamngoja. Kisha akapandisha mguu wa suruali, akawaonyesha kovu la kwenye muundi, refu, jeupe, mahali kiki ilipomrudia. "Mwulizeni huyu mama," akasema. "Mimi nilikuwa abiria."

Nikavua kiatu changu cha kushoto, nikalichukua lile kubadhi kwake nikalivaa. Lilinibana kidogo vidoleni. Nikavuka nalo ua wa Bi Zuhura, nikapita lilipokuwa jiko lake la vitumbua, na kila hatua ya kushoto kisigino changu kiligusa udongo.